Sanduku Refu la Nduta

Ngoliba,
14 Januari 2024

Kwa wajina wangu Wakonyo, ambaye watu wa mtaa wa Kahawa Sukari wanakuita Becky,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, goti ndilo halitaki. Mahindi yalikuwa machache, mbaazi ni nyingi mpaka nimewagawia majirani. Nyanya za Mutie zimeshika vizuri, kwa hivyo anapeleka pikapu soko la Ruiru kila Jumamosi na barua zetu zitapanda nayo. Mutie ni yule jirani wa mabati mekundu. Bibi yake, Ndila, amezaa mapacha. Yule mbuzi uliyempa jina la mwalimu wako mkuu alikufa. Alikula gunia la mbolea, gunia lenyewe.

Nimemaliza kitabu chako. Kimenichukua miezi minne, kidole chini ya mstari vile tulifundishwa gumbaru, ile shule ya watu wazima, lakini nimesoma kurasa zote mia mbili na kumi, hata ile ya kushukuru watu, ambapo mimi sipo. Sasa sikiza. Huyo mpelelezi wako, karani wa reli, hali. Kutoka mwanzo mpaka mwisho anafikiri tu na kunywa chai moja. Na yule mama wa hoteli ulimwua haraka sana. Sikuwa hata nimemzoea. Ungemwacha apike kwanza.

Na bado sijakusamehe kuacha kufundisha. Mtu na digrii yake anaingia kwa makaratasi ya zamani kutafuta kitu cha ajabu, akikipata anakiwekea maiti, anaita kazi. Babako Simeon, mwanangu mwenyewe, ananiambia ndizo kazi za siku hizi. Simeon pia aliniambia sungura ni biashara.

Niandikie. Usipige simu. Sikio la kushoto limekufa kabisa, na nikiongea na simu napiga kelele mpaka Ndila anasikia mambo yetu yote kwa ua.

Ni mimi shosho wako,
Wakonyo


Kahawa Sukari,
3 Februari 2024

Shosho wangu,

Habari ya goti? Nimempa Mutie dawa ya kupaka na sabuni. Huku tuko sawa. Mdogo wangu Jackie amechumbiwa na Githae wa Juja, yule mrefu aliyevunja kiti chako Krismasi. Kwa mambo ya mbuzi, pole, ingawa mwalimu wangu mkuu naye alikuwa anakula chochote.

Kitabu kijacho nitamlisha mpelelezi, naahidi. Na nimeshakipata cha kuandika, Shosho, na safari hii ni kwenu. Unajua lile shamba la kahawa karibu na Mugutha ulikochuma ukiwa msichana? Shamba limeisha, ni ploti na magorofa, lakini lile kanisa dogo la mawe bado lipo. Mzee wa kanisa alinifungulia sanduku la karatasi. Ndani kuna kitabu cha mazishi na daftari la fundi wa mbao wa shamba. Jalada limeliwa na mchwa, hata jina la fundi halipo.

Kitabu cha mazishi, Novemba 1955: "Nduta, miaka kumi na miwili, laini ya pili, homa." Jina la baba halikuandikwa. Daftari la fundi, siku hiyo hiyo: "Nduta, futi tano inchi tisa."

Umeona? Sanduku la futi tano na inchi tisa kwa mtoto wa miaka kumi na miwili! Nimekaa na hiyo kitu wiki mbili, hata usingizi sina. Kwa nini sanduku refu hivyo? Nafikiri kulikuwa na kitu kingine ndani. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, askari wa mkoloni wanapekua kila nyumba kutafuta silaha, lakini nani atafungua sanduku la mtoto? Nafikiri ni bunduki.

Wewe uliishi laini ya pili ya nyumba za wachumaji, ama? Ulikuwa na miaka kumi na saba hivi. Unamkumbuka huyo Nduta?

Wajina wako,
Becky


Ngoliba,
25 Februari 2024

Kwa Wakonyo,

Nimepata dawa. Inanuka lakini inafanya kazi. Huyo Githae wa Juja mwambie akija tena atakaa kwa jiwe. Mapacha wa Ndila wanalia zamu kwa zamu kama watu wa shifti. Mimi nimepanda maharagwe kidogo, na paa la choo nimelifunga tena kwa waya, kwa sababu babako alisema atakuja kulirekebisha na mimi namjua.

Umeniuliza juu ya mtoto anaitwa Nduta. Laini ile ilikuwa na watoto kama kuku. Simkumbuki.

Na bunduki! Ngai! Sisi tulikuwa tunapekuliwa mpaka ndani ya unga. Nani alikuwa na bunduki za kuzika? Huko chuo kikuu mlikuwa mnafundishwa nini? Labda fundi hakuwa na mbao fupi siku hiyo. Ingawa Barasa hakuwa mtu wa kuharibu mbao. Basi labda aliandika vibaya. Watu huandika vibaya.

Tafuta maiti ingine. Kuna yule karani wa posta ya Thika aliyepotea na baiskeli ya serikali. Hiyo ni hadithi nzuri na hakuna mtoto ndani.

Umekonda kwa ile picha uliyotuma. Kula.

Shosho wako,
Wakonyo


Kahawa Sukari,
23 Machi 2024

Shosho,

Ninakula. Jackie anasema hata nimezidi. Harusi itakuwa Desemba na umepewa kiti cha mbele, cha chuma.

Mimi hupiga picha barua zangu kabla Mutie hajazichukua. Nimerudi nikaisoma ile yangu ya Februari mara tatu. Sikuandika jina la fundi, Shosho. Sikuwa nalijua. Wewe ndiye umeniambia anaitwa Barasa.

Sitaki kukusumbua. Lakini kuna jambo lingine, na hili halingoji. Ile sehemu ya makaburi nyuma ya kanisa imeuzwa pamoja na shamba. Wamebandika tangazo kwa mlango. Jumamosi tarehe 27 Aprili watafukua. Jamaa za marehemu waje, kila jina litasomwa, na wenye mtu wao wamchukue wakamzike kwao. Wasio na mtu watawekwa wote kwa shimo moja, makaburi ya umma.

Mimi nitakuwa hapo. Mzee wa kanisa amenikubalia nisimame karibu. Hilo sanduku nataka nilione likifunguliwa.

Kama unajua chochote, niambie kabla ya siku hiyo. Nilikupigia simu jana, ukasema netiweki ni mbaya.

Becky


Ngoliba,
7 Aprili 2024

Wakonyo,

Sisi wazima. Mvua imeanza na hasira.

Usiende huko. Umesikia? Mtu mzima na akili zake hasimami juu ya kaburi na kalamu kuchungulia mtoto wa mtu. Nilikulea miaka sita mamako akiwa mara hospitali mara nyumbani, nikakufundisha kutochungulia hata sufuria ya jirani.

Na ukienda, usitaje jina langu.

Shosho wako


Ngoliba,
16 Aprili 2024

Kwa Becky,

Leo sitaki habari ya mbuzi wala ya mtu. Nimeandika hii barua siku tatu na nimechoma mbili. Ukifika mwisho utaona ni kwa nini nimekuita Becky.

Uliuliza kama nilimkumbuka Nduta. Nduta ni mimi.

Ngoja, usiruke mistari, nakujua. Baba yetu alikuwa kambi ya Manyani, amefungwa na mkoloni. Mama alikuwa na mtoto mgongoni na mkono mmoja ambao mashine ya kuambua kahawa ilikuwa imeuponda. Hakuweza kuchuma. Aliyekuwa na karatasi ya kufanya kazi shambani ni dada yangu mkubwa tu, na kwa karatasi yake ndiyo tulikuwa na chumba pale laini ya pili. Hakuna karatasi, hakuna chumba. Unapandishwa lori unarudishwa kijiji kinacholindwa na askari, cha kuchimba mitaro, na kule watoto wadogo walikuwa wanaisha. Dada alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu kama babake, anainama kuingia mlangoni. Jina lake ni Wakonyo.

Akashikwa na homa katikati ya kuchuma. Asubuhi nyapara Njau alikuwa anasoma majina, ukikosa siku mbili unafutwa. Mama akaniambia nenda, akiita Wakonyo itika. Nikavaa nguo ya dada, tukaikunja kwa pini. Njau akaita, nikaitika niko. Aliniona. Alikuwa na macho. Akasoma jina lingine.

Siku ya kwanza nikarudi nikamwambia dada kwa kitanda, "Wakonyo, leo umechuma debe mbili." Akacheka. Akasema, "Mbili tu? Kwani nilikuwa nimelala?" Siku ya pili nikamwambia umechuma debe tatu. Akacheka kidogo. Siku ya tatu nilijaza debe nne, vidole vikatoka damu, nikakimbia nimwambie. Jua lilikuwa bado juu. Mama alikuwa amekaa mlangoni na ule mkono mzima juu ya mdomo.

Hakulia kwa sauti. Angelia, laini yote ingekuja kuona ni nani. Akaniangalia mimi nikiwa na hiyo nguo. Akasema, "Nduta amekufa. Umesikia? Nduta ndiye amekufa."

Barasa alikuja kupima na kamba. Mama akamwambia andika Nduta. Alimwangalia dada yangu vile amelala, miguu imepita kitanda, akamwangalia mama, hakuuliza. Jina aliandika vile aliambiwa. Urefu akaandika vile ulivyo, maana huwezi kumfunika mtu wa futi tano na sanduku la mtoto. Hiyo ndiyo siri yako. Hakuna bunduki.

Katekista alisema, "Dada yetu mdogo Nduta ametutoka." Mimi nilikuwa nimesimama hapo nasikia. Na kesho yake nikaitika tena niko.

Mama hakuniita Nduta tena, hata tukiwa wawili na mlango umefungwa. Aliogopa kuta. Alikufa mwaka wa sabini na tisa na alikuwa wa mwisho aliyejua. Nilipata kitambulisho nikiwa Wakonyo, niliolewa nikiwa Wakonyo, babu yako hakujua. Mwaka jana mlinikatia keki ya miaka themanini na tano. Nilikuwa na themanini. Nilikula.

Wanangu wanne, kila mmoja alimpa msichana wake wa kwanza jina la mama yake vile inatakiwa. Nina Wakonyo wanne. Mkiingia kwa mlango nasikia dada akiitwa mara nne. Hapo ni sawa, amepata watu wake. Lakini wewe si wajina wangu. Ni wajina wake. Mimi sina.

Na hili ndilo nilikuwa sitaki kuandika. Siku hizo tatu alikuwa bado hai. Niliitika jina lake mwenyewe akiwa bado analitumia. Nimezeeka nikifikiria kwamba nililichukua kabla hajamaliza.

Sasa nisikilize. Tarehe 27 nenda. Wakisoma Nduta, sema ni wetu. Usiulize kitu, usiandike kitu, funga hiyo kalamu. Mlete hapa. Mutie ameshachimba, pale upande wa mbaazi, na nimefua shuka jeupe. Mutie anachukua barua hii Jumamosi. Nitakuwa nimekaa mlangoni.

Shosho


Kahawa Sukari,
28 Aprili 2024

Shosho,

Sijui hii utaisoma lini. Mutie hajaonekana Jumamosi mbili, wanasema mito imekula barabara. Simu yako haiingii kabisa. Natumaini maji hayajafika kwako.

Najua ulinikataza. Nilienda. Ilikuwa inanyesha na kuacha, wanaume wanafukua wamevaa magunia kichwani. Watu walikuwa wachache. Jina linasomwa, mtu anasema ni wetu, anapewa.

Wakafika kwa Nduta. Mbao zilikuwa zimeoza zote. Hakukuwa na bunduki. Kulikuwa na mifupa mirefu, Shosho, mirefu sana, ya mtu mzima, na pini mbili zenye kutu ambazo sikuelewa ni za nini. Hiyo tu. Nilisikia aibu na sikujua aibu ya nini.

Yule anayesoma majina akauliza, "Nduta, nani wa huyu?" Hakuna aliyejibu. Nilikuwa nimesimama karibu zaidi ya wote, daftari mkononi, akaniangalia. "Dada, wewe ni jamaa?" Nikamwambia, "Hapana. Mimi naandika tu."

Wakamweka kwa lori na wale wengine.

Sijui kwa nini nakueleza hivyo. Tangu jana sijaandika hata mstari.

Becky


Soko la Ruiru,
18 Mei 2024

Shosho,

Mutie amefika leo. Pikapu ilikwama Thika mwezi mzima, na barua yako ya tarehe 16 Aprili ilikuwa ndani, chini ya kiti, imelowa pembe. Nimeisoma nikiwa nimesimama katikati ya nyanya.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Yule wa kusoma majina aliniuliza mimi. Nilikuwa na jina la dada yako na nikasema hapana.

Nimempa Mutie hii na ile ya Aprili. Soma ya Aprili kwanza. Nilienda makaburi ya umma, shimo limefunikwa, ni watu thelathini na mmoja, hakuna kutenganisha tena. Nataka kuja lakini sijui nitapitaje kwa hilo lango.

Nisamehe.

W.


Ngoliba,
9 Juni 2024

Kwa Becky,

Habari ya huko. Mimi ni mzima, mvua imeisha, maharagwe yameoza yote, paa la choo halikutoka. Paa la nyumba yenu lilijengwa na mafundi watatu na likavuja, nimesikia.

Nilikaa mlangoni Jumamosi ile yote. Stima ilikuwa imepotea, nyumba giza, simu imekufa. Jumapili pia nilikaa. Nilijua barabara ni mbovu, nikasema ni barabara. Jumatatu nilikunja shuka.

Nimesoma barua zako mbili vile uliniambia, ya Aprili kwanza. Nilikukasirikia siku nne. Nilikutukana kwa Kikuyu kwa sauti mpaka Ndila akaja kuuliza ni nani ameingia. Siku ya tano nikaangalia tarehe. Nimekuwa na mdomo wa kusema miaka sitini na tisa, na nikangoja kuandika mpaka siku kumi na moja kabla ya kufukua. Na ulipopiga simu nilisikia kila neno. Hakuna netiweki iliyokuwa mbaya. Kwa hivyo hiyo ya kuniomba msamaha acha. Wewe ulijibu ulichojua.

Hizo pini ni za ile nguo. Mimi nilifikiri alizikwa na nguo ingine. Mama alimvalisha ile niliyovua, na pini hakuzitoa. Hata sikujua mpaka uliponiandikia. Kumbe alienda na kitu changu kidogo.

Sasa kulikuwa na hilo shimo. Lilikuwa limejaa maji, na Mutie akaanza kuogopa, akasema kaburi likishachimbwa halikai bila mtu, litaita mwingine, na yeye ana mapacha. Kwao wanafanya hivyo na kwetu tunafanya hivyo. Unakata mgomba unazika mgomba. Akaleta mmoja wa shamba lake, mfupi, mzuri wa kutoshea mkononi. Nikamwambia rudisha. Nikatoa barua yako ya Februari nikamsomea: futi tano inchi tisa. Akasema, "Susu," ndivyo kwao wanaita shosho, "ni mgomba tu, nani atapima?" Nikamwambia Barasa alipima. Akaenda akatafuta siku nzima. Tuliufunga na lile shuka. Ndila aliimba. Mutie akauliza tuseme jina gani, na mimi nikasema Wakonyo, kwa sauti, nje, mchana, na watu watatu wakasikia. Nilifikiri kitu kitaanguka. Hakuna kilichoanguka. Mapacha walilia tu.

Unasema hujaandika hata mstari. Ujinga. Andika. Lakini safari hii dada yangu usimwue haraka. Mwache achume kwanza, ainame kwa mlango, awacheke watu. Mpe chakula. Homa ikifika, msomaji awe amemzoea, aumie kama mtu. Mimi nitasoma na kidole na nikikuta bunduki ndani nitakurudishia kwa Mutie.

Kwa shimo la umma peleka maua siku moja, uwaambie hao thelathini yule mrefu ni nani.

Na uje. Kwa lango hupiti vipi? Unasukuma. Babako aliliweka, halifungi. Ukifika hapo usiniite shosho, na usiite Wakonyo, huyo amelala upande wa mbaazi. Sikio zuri ni la kulia, kwa hivyo simama upande huo, uniite jina langu mara moja. Halafu nyamaza kidogo. Sijaitwa tangu nikiwa na miaka kumi na miwili na sijui kama nitaitika upesi.

Ni mimi,
Nduta